Mwongozo kamili wa diploma kwa kijana wa Kisumu na Magharibi: anza na kazi, fomu baadaye

Kila Januari matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakishatangazwa, mlango wangu hapa Mamboleo haupumziki. Mama anaingia na binti yake, mjomba anaingia na karatasi iliyokunjwa mara nne, na swali huwa lile lile: "Fundi, mtoto amepata C-. Sasa tumpeleke wapi?" Wanauliza kwa sauti ya watu waliotoka matangani. Chai hupoa kabla hatujasema lolote la maana, kwa sababu kwanza lazima nimtoe mtoto kwenye ile aibu.

Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, alama ya chini kabisa inayomfungulia mtu chuo kikuu moja kwa moja. Hiyo ni kama robo ya waliofanya mtihani. Robo tatu zilizobaki hawajapotea. Hao ndio watakaofunga stima nyumbani kwako, watakaokupima malaria, watakaokagua ng'ombe wako na kukarabati mashine za kiwanda cha sukari. Wengi wao njia yao ni stashahada, ambayo huku mtaani tunaiita diploma tu, au vyeti vinavyoelekea huko.

Mimi nilipata D+. Nilianza na cheti cha ufundi wa stima, nikapanda hadi diploma, na digrii nikaja kuichukua nikiwa na watoto wawili na wateja wa kudumu. Makosa ya njiani yalinila mwaka mzima na ng'ombe wawili wa baba. Ndiyo maana mwongozo huu unaenda kinyume na mazoea. Wengi huanza na chuo, wakafuata kozi, kazi wakaitafuta mwisho. Wewe anza na kazi.

Diploma inakaa wapi

Kenya ina mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, uliowekwa na sheria ya mwaka 2014 na kusimamiwa na mamlaka ya KNQA. Una ngazi kumi. Uzamivu uko juu kabisa, ngazi ya 10. Digrii ya kwanza iko ngazi ya 7, diploma ngazi ya 6, cheti cha ufundi ngazi ya 5. Kati ya diploma na digrii, basi, kuna ngazi moja tu. Mwambie hivyo mjomba anayesema mtoto "ameenda kule kwingine".

Tena vyuo vikuu vyetu kadhaa vilizaliwa na diploma. Egerton pale Njoro, Nakuru, ilianza 1939 kama shule ya kilimo, ikaanza kutoa diploma mwaka 1950 ilipofanywa chuo cha kilimo, na ikawa chuo kikuu 1987. Masinde Muliro pale Kakamega ilitokana na WECO, chuo cha harambee ambacho wazee wa Magharibi walikichangia ili vijana wapate ufundi. Shida ni kwamba tulizipenda digrii kupita kiasi, vyuo vya ufundi vikapandishwa kuwa vyuo vikuu, na kwa miaka kadhaa fundi wa kiwango cha kati akawa adimu. Kuanzia 2016 serikali ilipandisha vyuo kama Kisumu, Sigalagala na Kitale kuwa vyuo anuwai vya kitaifa, na hapo mambo yakaanza kurudi kwenye mstari.

Wanaosoma habari za Marekani hukutana na digrii ya asosieti na kudhani ni kitu kigeni kabisa. Ni binamu ya diploma yetu: masomo ya miaka miwili kwenye chuo cha jamii, kwa kawaida krediti 60, nusu ya zile 120 za digrii ya kwanza. Nitairudia kule chini kwa wale wenye ndugu huko.

Hatua ya kwanza: nani atakupa leseni?

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu hupotelea.

Cheti cha chuo kinasema umesoma. Kwa kazi nyingi hakisemi kwamba unaruhusiwa kufanya kazi. Ruhusa hutoka kwa bodi au baraza la taaluma, na kila bodi ina orodha ya vyuo na kozi inazozitambua. Ukimaliza kozi ambayo bodi haiitambui, cheti chako kitapendeza ukutani na basi.

Kwa hiyo chukua karatasi. Andika kazi unayoitaka kwa jina la mtu anayeifanya, si kwa jina la kozi. Usiandike "mambo ya afya". Andika "muuguzi" au "afisa wa kliniki" au "fundi wa maabara". Kisha mbele ya jina hilo andika anayetoa leseni.

Muuguzi anasajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, baada ya mtihani wa baraza lenyewe. Afisa wa kliniki ana baraza lake, na baada ya miaka mitatu ya darasani kuna mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi kabla ya leseni kamili. Fundi wa stima anayetaka kufunga nyaya kihalali anahitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, ambayo ina madaraja. Za sola nazo zina madaraja yake, na sola ndiyo inayolisha mafundi wengi siku hizi kuanzia Bondo hadi Busia. Mwenye diploma ya uhandisi hasajiliwi na bodi ya wahandisi, kwa maana ile ni ya wenye digrii. Yeye huenda kwa bodi ya teknolojia ya uhandisi, KETRB, iliyoundwa chini ya sheria ya 2016. Vijana wengi wanamaliza bila hata kulisikia jina hilo. Mwalimu anahitaji namba ya TSC, tume ya walimu. Mhasibu anaulizwa mitihani ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, na hapa nasema wazi: kwa uhasibu, ukiwa na pesa za kitu kimoja tu, fanya KASNEB kabla ya diploma ya uhasibu ya chuo usichokijua. Hayo ni maoni yangu na kuna mwalimu mmoja rafiki yangu ambaye hatukubaliani.

Zipo kazi zisizo na leseni: mauzo, kompyuta, ubunifu wa picha, usimamizi wa hoteli. Huko kinachokuuza ni kazi uliyoifanya na watu wakaiona. Diploma bado inasaidia, ila usiilipie bei ya dhahabu.

Ukishaandika leseni, nenda kawaulize watu watatu wanaoifanya kazi hiyo. Sisemi uwaulize kwenye simu. Nenda. Ukitaka uuguzi, kaa nje ya hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee wote wa Kisumu huiita Russia kwa sababu Warusi ndio walioijenga, usubiri zamu ibadilike. Ukitaka uchomeleaji vyuma, nenda Kamas karibu na soko la Kibuye uangalie nani anapewa kazi kubwa na nani anapewa kuziba masufuria. Waulize wote swali moja: "Ungekuwa unaanza leo, ungesoma nini?" Majibu yao yatakushangaza.

Jambo jingine: usisomee kiwanda kimoja. Huku kwetu tumeliona hili kwa macho. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, Pan Paper, kilifungwa 2009, na watu waliokuwa wamejua mashine zake peke yake wakabaki kama samaki nje ya maji. Mumias Sugar nayo ikaishia mikononi mwa mrasimu, msimamizi wa kampuni iliyoshindwa na madeni, mwaka 2019. Waliosalimika haraka ni wale ambao ufundi wao ulikuwa mpana: fundi mota, fundi bomba, fundi wa mitambo ya baridi, mtu ambaye angeweza kutoka kwenye sukari akaingia kwenye soda, maziwa au bandari. Kwa hiyo "teknolojia ya sukari" ni kozi nzuri, lakini "uhandisi wa mitambo" ni kozi ambayo haikufungii kwenye shamba la miwa.

Hatua ya pili: isome karatasi ya matokeo somo kwa somo

Watu huangalia alama ya wastani tu. Kosa. Kwa kozi za ufundi, mlango wa diploma kwa kawaida ni wastani wa C-. Kwa uuguzi na kliniki kule KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, ni C, na tena unaulizwa Baiolojia, Kiingereza au Kiswahili, na sayansi nyingine. Nimemwona msichana mwenye wastani wa C+ akikataliwa uuguzi kwa ajili ya Baiolojia, na mwenye C akakubaliwa. Mama wa huyo wa kwanza alidhani kuna hongo. Hapakuwa na hongo. Palikuwa na D ya Baiolojia ambayo hakuna aliyeitazama.

Wastani wako ukiwa chini ya C-, usidanganywe na mtu anayekuambia "tutakuingiza tu diploma". Anza na cheti cha ufundi. D inakutosha kwa vyeti vingi vya ngazi ya 5, na hata mwenye E ana mlango kwenye ngazi za chini zaidi. Kisha unapanda: cheti, diploma, digrii. Ni njia ndefu, sitaificha. Ila nilipoingia diploma nikitoka kwenye cheti, nilikuwa najua kushika koleo, na wenzangu waliotoka moja kwa moja shule ya upili walikuwa wanaomba niwaonyeshe. Ile aibu ya D+ iliishia pale karakana.

Na kama umekuwa jua kali miaka kumi bila karatasi, kuna njia ya kutambuliwa ujuzi uliokwishaupata. KNQA imeweka utaratibu huo, na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, nayo ina mitihani ya ufundi kwa madaraja matatu, kuanzia la tatu kupanda hadi la kwanza. Baba mmoja fundi magari hapa Kondele alidhani lazima arudi kukaa darasani na watoto. Hakuhitaji.

Hatua ya tatu: kichunguze chuo kabla ya kulipa hata shilingi

Sasa ng'ombe wa baba. Nilipomaliza cheti nilijiandikisha diploma katika chuo kilichokuwa ghorofani, juu ya duka la viatu, mjini. Sitakitaja. Kilikuwa na bendera, jogoo wa rangi kwenye nembo na karani mwenye tai. Nikalipa mihula miwili. Tulipouliza lini tutaandikishwa kwa mtihani wa taifa, tukaambiwa "mwaka ujao". Mwaka ujao ulikuja, karani wa tai akawa hapatikani. Chuo hakikuwa kimesajiliwa kwa kozi hiyo. Kilikuwa na usajili wa kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, na kwa kibali hicho kilikuwa kinauza kila kitu.

Somo langu: uliza usajili wa kozi, si wa chuo peke yake. Mamlaka ya kuuliza ni TVETA, inayosimamia vyuo vya ufundi, iliyoanzishwa na sheria ya 2013. Orodha yao iko kwenye tovuti yao. Ukikosa jina la kozi yako kwenye kibali, ondoka bila kuaga. Kwa kozi za afya, uliza pia baraza husika, kwa kuwa chuo kinaweza kuwa na kibali cha TVETA na baraza likawa bado halikitambui.

Uliza pia mtihani wa mwisho unatolewa na nani. Diploma za ufundi za mtaala wa zamani zilitahiniwa na KNEC, baraza la mitihani la taifa. Mtaala mpya wa umilisi hupimwa chini ya TVET CDACC, baraza la mitaala na tathmini ya ufundi, na vyuo vingi vya umma vimehamia huko. Chuo kikikujibu "mtihani ni wetu wenyewe", na si chuo kikuu wala chuo chenye mamlaka ya kisheria, hilo ni jibu.

Kisha kitembelee. Nenda siku ya Jumanne asubuhi, si siku ya maonyesho ambapo kila kitu kimepakwa rangi. Omba kuona karakana. Mashine zina vumbi au zina mafuta? Mafuta ni dalili njema. Hesabu wanafunzi kwa kila mashine. Mtu wa kozi ya stima aulize wana mota ngapi za kufanyia mazoezi.

Kwa upande wetu huu, mwenye kutaka ufundi ana Chuo Anuwai cha Kitaifa cha Kisumu, Sigalagala pale Kakamega, RIAT ambayo nayo ilizaliwa kwa harambee, Bumbe kule Busia, Kitale, Eldoret na Kisii. Nakuru wana chuo cha ufundi kilichojulikana kama RVIST, na mtu wa huko ana bahati ya kuwa karibu na mvuke wa Menengai na Olkaria, ambako mafundi wa mitambo na umeme wanahitajika. Kilimo na mifugo, chuo cha Bukura kina jina kubwa na kinalistahili. Afya, KMTC ina kampasi Kisumu, Kakamega, Bungoma, Nakuru na kwingineko; hakikisha kozi unayoitaka iko kwenye kampasi hiyo, maana si kila kampasi ina kila kozi.

Kuhusu barua bandia za kuitwa KMTC na vyuo vya kijeshi: yeyote anayekuambia ana nafasi mfukoni na anataka "kitu kidogo" kwa M-Pesa, mpe mgongo.

Hatua ya nne: maombi

Hapa sitakuchosha. Nafasi za serikali, za vyuo vikuu na za vyuo vya ufundi, hupitia KUCCPS, ofisi ya serikali inayowapanga wanafunzi vyuoni. Unaingia kwenye tovuti kwa namba yako ya mtihani na mwaka uliofanya, unachagua kozi, unangoja. Vyuo vya ufundi hupokea wanafunzi mara tatu kwa mwaka, Januari, Mei na Septemba, kwa hiyo ukikosa awamu moja usilie. Hata kama chuo kimekuambia uje moja kwa moja, hakikisha jina lako limeingia KUCCPS, kwa sababu ufadhili wa serikali na mkopo hufuata jina hilo. Ukienda saiba kujaza, kaa kando ya yule kijana wa kompyuta na uangalie anachobonyeza. Nimeona mtu aliyetaka "uhandisi wa stima" akaitwa "upambaji wa nyumba", kisa aliondoka kwenda kununua chapati.

Tayarisha cheti cha kuzaliwa, kitambulisho ukiwa nacho, namba za vitambulisho vya wazazi au vyeti vya vifo kama hawapo, na karatasi ya matokeo. Shule yako ya upili ikiwa imeshikilia cheti cha KCSE kwa deni la karo, jua kwamba sheria haiwaruhusu. Nenda kwa adabu, na mzazi. Wakikataa, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Hatua ya tano: pesa, zote

Mwaka 2018 karo ya vyuo vya ufundi vya umma ilipangwa kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka. Serikali ilikuwa inalipa 30,000, mwanafunzi anabaki na 26,420. Kuanzia 2023 ulikuja mpango mwingine, karo ikawa shilingi 67,189, na msaada ukawa unategemea hali ya familia: sehemu ufadhili, sehemu mkopo, sehemu nyumbani. Viwango hivi vinabadilika na serikali, kwa hiyo soma barua yako ya kuitwa, usisome ya kaka yako.

Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, una riba ya asilimia 4, na unaanza kuulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza. Ukijificha, kuna faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, na hiyo faini haijali kama una kazi au huna. Kama bado hujapata kazi, waandikie uwaambie. Kunyamaza ndiko kunakoua.

Basari ya NG-CDF, mfuko wa eneobunge, na ya kaunti zipo, na zinahitaji mtu anayefuatilia: chifu asaini, fomu ifike mapema, na uendelee kuuliza. Usione haya. Wenye haya hubaki na fomu nyumbani.

Lakini karo si gharama yote, na hapa familia nyingi hukwama mwaka wa pili. Andika kwenye daftari: chumba, nauli, unga na omena, ovaroli, viatu vya usalama, vifaa vya ufundi, kuchapisha kazi, ada ya mtihani, na miezi ya atachimenti, yaani mafunzo kazini, ambapo hulipwi lakini unakula. Hiyo ya mwisho ndiyo huwa haiko kwenye bajeti ya mtu yeyote. Kijana wa Nyalenda anaweza kutembea hadi chuoni. Kijana wa Ugenya atalipa chumba. Hesabu hiyo peke yake inaweza kukuamulia chuo.

Hatua ya sita: ukiwa ndani

Mtaala wa umilisi hauulizi umekariri nini. Unapimwa kitengo kwa kitengo, unaambiwa umehitimu au bado, na ushahidi unawekwa kwenye jalada. Liweke vizuri. Piga picha kila kazi, na tarehe. Nimeajiri vijana wawili kwa kuangalia picha kwenye simu zao bila kusoma cheti. Anza kibarua mapema pia: Jumamosi nenda kwa fundi hata kama anakulipa chakula cha mchana tu.

Hatua ya saba: atachimenti, ambako kazi nyingi hupatikana

Wanafunzi wengi husubiri chuo kiwatafutie. Chuo kitakupa barua, bima na daftari la kazi. Nafasi ni yako kutafuta, na uanze miezi minne au mitano kabla, kwa sababu wakati barua za chuo kizima zinapofika kampuni zile zile, dawati la mapokezi huwa limejaa mpaka sakafuni.

Usikimbilie majina makubwa peke yake. Kwenye kampuni kubwa unaweza kukaa miezi mitatu ukibeba faili na kupika chai. Kwenye karakana ya watu sita utashika kila kitu. Karakana ya meli hapa bandarini Kisumu, iliyojenga MV Uhuru II, ni ndoto ya kila mchomeleaji, na ukiipata shukuru Mungu. Ukiikosa, kuna viwanda vya soda, vya sukari ukanda wa Kibos na Muhoroni, kampuni za maji, hospitali za misheni zenye jenereta na vyombo vya kuua vijidudu, na shule za bweni ambazo mitambo yao ya maji inalia kuomba fundi. Hospitali ya misheni ndiyo iliyonifundisha mimi. Jenereta ikizimika usiku na kuna mtu mezani kwa daktari, unajifunza haraka.

Fika saa moja na robo kama wenzako wanafika saa mbili. Jaza daftari kila siku, siyo usiku wa mwisho kwa kalamu tatu za rangi tofauti. Siku ya kuondoka, omba barua na namba ya simu ya msimamizi wako, umpigie baada ya mwezi kumsalimia tu. Kazi yangu ya kwanza ilitokana na salamu ya namna hiyo. Fundi mmoja alikuwa amevunjika mkono.

Hatua ya nane: baada ya kuhitimu, na swali la digrii

Jisajili na bodi yako mwezi ule ule unaopata cheti. Ada inauma lakini mwaka wa kukaa bila leseni unauma zaidi. Serikalini, mwenye diploma kwa kawaida huanzia kundi la kazi H na mwenye digrii huanzia K, kwa hiyo tofauti ya mshahara ipo na hakuna haja ya kuifunika. Kwenye kampuni binafsi na kwenye kazi za kujiajiri tofauti hiyo hupungua, na mara nyingine hugeuka: namjua fundi mitambo ya baridi mwenye diploma ambaye mwenye digrii wa usimamizi anamwandikia hundi.

Je, urudi kuchukua digrii? Vyuo vikuu vingi humpokea mwenye diploma katika kozi inayohusiana, wengine wakimwingiza moja kwa moja mwaka wa pili. Uliza mambo mawili kabla: ni masomo yangu yapi mtayahesabu, na bodi ya taaluma itaikubali digrii hiyo ingawa KCSE yangu haikufika C+? Swali la pili ndilo wanaloruka. Zipo bodi zinazoangalia hadi karatasi ya KCSE. Pata jibu kwa maandishi.

Ushauri wangu ni ufanye kazi kwanza miaka miwili. Utajua kama unahitaji digrii au unahitaji leseni ya daraja la juu, na mara nyingi ni hiyo leseni. Mimi digrii niliichukua kwa sababu zabuni za kaunti zilikuwa zinaidai. Ingekuwa si zabuni, hizo pesa ningenunulia gari la kubebea ngazi.

Kwa wenye ndugu Marekani

Kila mwaka kuna mmoja ambaye shangazi yake yuko Minnesota au Texas na anamwambia aende chuo cha jamii. Si wazo baya. Angalia tu herufi. Digrii za asosieti za AA na AS zimetengenezwa ili uhamie chuo kikuu cha miaka minne na krediti zako. AAS imetengenezwa ili uingie kazini, na krediti zake nyingi zinaweza kukataliwa ukitaka kuhama. Ukichanganya hizo, umepoteza mwaka na dola.

Uuguzi ni habari tofauti kidogo. Huko, mwenye digrii ya asosieti ya uuguzi hufanya mtihani ule ule wa NCLEX-RN anaofanya mwenye digrii ya miaka minne, na hupata leseni ile ile ya muuguzi, ijapokuwa hospitali kubwa nyingi hupendelea wa miaka minne. Na mwenye diploma ya uuguzi ya hapa Kenya anaweza kuomba vyeti vyake vitathminiwe na TruMerit, shirika la huko la kupima vyeti vya wauguzi ambalo zamani liliitwa CGFNS, kisha akafanya mtihani huo, bila kurudia shule yote. Mweleze shangazi hilo kabla hajakuandikisha mwaka wa kwanza. Ukirudi nyumbani na karatasi ya huko, KNQA ndiyo itakayoamua inalingana na ngazi gani. Usimwambie mwajiri ni digrii wala diploma kabla hujapata barua yao.

Ukija kwangu Januari, njoo na karatasi ya matokeo, daftari la gharama, na jina la kazi moja na anayetoa leseni yake, hata kama umekosea. Jumamosi niko juu ya mapaa ya watu. Njoo Jumapili jioni, na usije na mjomba wa matanga.